"Dokta, hakuna dawa nyingine?" Kisa cha mtoto wa miaka 7 mwenye pumu isiyotulia

Kabla hajaketi, mama alipindua kikapu cha ukindu na dawa zikamwagika mezani. Vidonge vya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, vya miligramu 4, vimekatwa nusu nusu kwa wembe na kutiwa kwenye bahasha. Aminofilini za miligramu 100. Chupa mbili za dawa ya kikohozi, moja haijafunguliwa. Prednisolone, vidonge vya steroidi ya kupunguza uvimbe, zilizobaki kwenye dozi ya mwezi uliopita. Kichupa cha mafuta ya habasoda. Pampu ya bluu, ya salbutamol, iliyochakaa hadi maandishi yamefutika, na pampu ya kahawia ambayo bado imo kwenye boksi lake, safi kama imetoka dukani jana.

"Zote hizi ametumia, dokta," akasema. "Hakuna dawa nyingine? Ya kidonge, au hata ya maji. Hii ya kuvuta mimi naiogopa."

Mtoto mwenyewe, wa kiume, miaka 7, kilo 21, alikaa pembeni akichezea kamba ya kiatu. Kila baada ya muda aliisugua pua kwa kiganja kuelekea juu, mtindo ambao ukizoeleka huacha mstari juu ya pua. Yeye tayari alikuwa nao.

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka kwa watoto zaidi ya mmoja niliowaona Tanga, na tarehe nimezisogeza, ili asitambulike mtu. Hesabu ya siku sikuigusa, na makosa yaliyomo ni yangu.

Mtoto alianza kubanwa kifua akiwa na miaka 3. Katika miezi 12 iliyopita alikuwa amepewa kozi 3 za prednisolone na kulazwa mara moja kwa oksijeni. Usiku mara mbili au tatu kwa wiki aliamka saa tisa au saa kumi akikohoa, kifua kikipiga miluzi. Pampu ya bluu ilifanya kazi karibu kila siku. Mpira alikuwa ameuacha, na mama alilisema hilo kama jambo dogo tu.

Kabla ya kukubali kwamba yote haya ni pumu nilipitia yale ambayo kwetu huwezi kuyaruka. Hakuna mtu nyumbani mwenye kikohozi cha muda mrefu, uzito haujashuka, picha ya kifua ni safi, moyo unasikika vizuri, na hakuna siku aliyowahi kupaliwa na kitu halafu kikohozi kikaanzia hapo. Nikampa kipimo cha kupuliza, kinachopima kasi ya pumzi. Akatoa lita 120 kwa dakika. Mtoto wa sentimita 120 kama yeye hutarajiwa kufika 170 na ushee. Nikampa mivuto minne ya salbutamol, tukasubiri dakika 15, akapuliza tena: 155. Njia za hewa zinazofunguka kiasi hicho kwa muda huo mfupi ni za pumu. Na anayeamshwa usiku zaidi ya mara moja kwa wiki, dalili siku nyingi za wiki, hatoshelezwi tena na dawa ya kumtuliza akibanwa. Anahitaji dawa ya kila siku.

Sasa turudi kwenye hofu ya mama, maana ndiyo iliyojaza kile kikapu.

Shangazi wa mtoto alifariki kwa pumu. Walipomkuta asubuhi, pampu ya bluu ilikuwa mkononi. Ukoo mzima ukahitimisha kwamba pampu ndiyo iliyomuua: ukishaianza huachi, na mwisho inausimamisha moyo. Wengi wetu tukisikia hivyo tunatabasamu na kusema "imani potofu". Mimi sitabasamu. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda ghafla Uingereza, Australia na New Zealand, na pampu kali za isoprenalini, nayo dawa ya kufungua njia za hewa, zikanyooshewa kidole. New Zealand walipata wimbi la pili baada ya pampu ya fenoteroli kuingia sokoni mwaka 1976, na vifo vikashuka ilipodhibitiwa. Leo tunajua kwamba hata salbutamol, mgonjwa akiitegemea peke yake, hufungua bomba huku ukuta wa bomba ukiendelea kuvimba. Mtu anayemaliza pampu 3 za bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Anayefikia 12 yuko kwenye hatari ya kufa. Nilimuuliza mama shangazi alikuwa akinunua ngapi. "Moja kila mwezi, na mwezi mwingine mbili." Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, uliacha kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana, na sababu ni wagonjwa kama shangazi huyo.

Kwa hiyo mama hakukosea kuiogopa pampu. Alikosea rangi. Ile ya kahawia, beklometasoni, steroidi ya kuvuta ambayo ingemsaidia shangazi, ndiyo iliyokuwa imelala kwenye boksi. Alikuwa amempa mtoto mara mbili tu, zote mbili akiwa amebanwa, akaona haifanyi kitu. Na kweli haifanyi kitu kwa mtu aliyebanwa. Inachukua siku na wiki kupunguza uvimbe, na nadhani hakuna aliyemweleza hivyo kwa Kiswahili cha kueleweka.

Tukaanza kupitia dawa nyingine kama alivyotaka, moja baada ya moja, vilevile zilivyolala mezani.

Vidonge vya salbutamol kwanza. Nusu kidonge ni miligramu 2. Mvuto mmoja wa pampu ya bluu ni mikrogramu 100. Maana yake kila nusu kidonge ina dawa sawa na mivuto 20, nayo inazunguka kwenye damu, inatetemesha mikono na kukimbiza moyo, kabla sehemu ndogo haijafika kwenye mapafu karibu nusu saa baadaye. Mvuto hufika ndani ya dakika chache. Mama alikuwa akimpa mtoto njia ndefu, yenye dawa nyingi na faida kidogo, akiamini ndiyo ya upole.

Aminofilini ilinipa kazi zaidi. Hii ni teofilini kwa jina la ukoo mwingine, ndugu wa kafeini iliyomo kwenye chai na kahawa. Wazee wetu wengi waliishi kwa dawa za familia hii na bado wanazisifu. Ni rahisi na inamezwa. Tatizo ni kwamba kati ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru pana uwazi mdogo sana. Mtoto huyu alipewa kidonge kimoja mara tatu kwa siku, dozi ambayo kwa kilo zake si ya kutisha. Lakini wiki mbili kabla ya kuja kwangu alitapika siku mbili mfululizo, akatetemeka, na mama alipoweka mkono kifuani alihisi moyo "unapiga kama ngoma ya mdundiko". Nikauliza kama siku zile alikuwa na dawa nyingine. Ndiyo: duka la dawa lilimpa erithromaisini kwa ajili ya kikohozi. Erithromaisini huzuia ini kuiondoa teofilini, hivyo ile iliyomo mwilini hulundikana. Kidonge kilichokuwa salama Jumatatu kinaweza kuwa sumu Alhamisi bila mtu kuongeza hata robo. Mbele yake kuna degedege. Hiyo tuliiondoa siku ileile, na vidonge vya salbutamol pia.

Prednisolone hakuiuliza, kwa sababu hakuihesabu kuwa ni ya kuogopwa. Hapo nilichukua karatasi. Pampu ya kahawia ina mivuto 200, kila mmoja mikrogramu 100. Zidisha: mikrogramu 20,000, yaani miligramu 20. Mtoto wake alipozidiwa alikuwa akimeza prednisolone 4 za miligramu 5 kwa siku. Miligramu 20. Pampu nzima, kwa uzito, imebeba steroidi sawa na siku moja ya vile vidonge. Kwa nguvu hazilingani, na hilo nilimwambia, lakini aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Hatadumaa?"

Swali zuri, na jibu lake si "hapana" tupu. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza miaka ya 1990 uliwafuatilia watoto 1,041 wa miaka 5 hadi 12. Waliotumia budesonidi, steroidi nyingine ya kuvuta, kila siku walipungukiwa na kama sentimita moja ya urefu ndani ya miaka ya utafiti, nyingi yake katika kipindi cha mwanzo, na walipopimwa wakiwa watu wazima pengo lilikuwa sentimita 1.2. Halikukua, wala halikuzibika. Nikamwambia tutampima urefu kila akija. Sentimita moja upande huu, mpira na usingizi upande ule, achague yeye. Akachagua.

Ilibaki namna ya kuvuta. Nilimwambia mtoto anionyeshe na pampu ya bluu. Akafungua mdomo, akabonyeza, na wingu jeupe likatoka puani na pembeni mwa midomo. Karibu yote lilibaki chumbani pamoja nasi. Mtoto wa miaka 7 hawezi kulinganisha kidole na pumzi. Hata watu wazima wengi hawawezi. Chombo cha katikati cha kiwandani, kile kinachokaa kati ya pampu na mdomo, hatukuwa nacho, na dukani bei yake iliwashinda. Sera ya matibabu ya bure inaishia miaka 5, na huyu alikuwa ameipita miwili.

Tukatumia chupa ya maji ya nusu lita. Waya unapashwa moto, unatoboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, si kubwa zaidi, pampu inaingia kwa kubana, na ukingo unazibwa kwa gundi au plasta ili hewa isivuje. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, mama anabonyeza mara moja, mtoto anavuta na kutoa pumzi za kawaida mara tano au sita. Mvuto wa pili baadaye, kwa kurudia yote upya. Chupa inaoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe; ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inashika chaji na dawa inaganda kwenye kuta. Si ubunifu wangu. Heather Zar na wenzake, katika hospitali ya watoto ya Red Cross mjini Cape Town, walichapisha mwaka 1999 kwamba kwa watoto waliobanwa chupa ya namna hii, ikizibwa vizuri, ilifanya kazi sawa na vyombo vya kiwandani. Kikombe cha polistirini, ile plastiki nyepesi ya povu, ndicho kilichoshindwa.

Kesho yake, tarehe 7 Mei, akaanza: mivuto 2 asubuhi, 2 jioni, jumla mikrogramu 400 kwa siku, kisha kusukutua mdomo na kutema. Bluu kwa dharura tu, nayo kwa chupa. Nilimwambia mama, "Ikiisha, nunua nyingine." Kumbuka neno hilo.

Tarehe 17 Juni alirudi na kipimo cha 160. Usiku alikuwa ameamka mara moja tu kwa wiki mbili. Bibi yake alikuja naye, na baada ya shikamoo yangu na marahaba yake akaniuliza kama ubani una shida. Ana chetezo chake, kila Alhamisi jioni anafukiza, na mjukuu analala chumbani kwake. Nikamwambia moshi ni moshi, wa udi, wa kuni au wa dawa ya mbu ya kuzungusha, na kwamba kumfukiza mtoto kwa mvuke chini ya shuka akiwa amebanwa ni kumwongezea tabu. Hakufurahi, lakini alisema chetezo kitahamia uani. Tukaagana vizuri.

Tarehe 22 Julai kikohozi kilikuwa kimerudi. Kipimo 135. Pua inatiririka, anapiga chafya asubuhi nzima. Na hapa mama alikuwa na haki ya kuuliza tena lile swali la kwanza, maana sasa alikuwa amefuata kila nilichomwambia.

Kitabuni, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ambaye steroidi ya kuvuta peke yake haimtoshi ana milango mitatu: kuongezewa dozi ya steroidi, kuongezewa dawa ya kufungua njia za hewa kwa muda mrefu kama salmeteroli au formoteroli ndani ya pampu moja na steroidi, au kuongezewa montelukasti, kidonge cha usiku. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapitisha watoto na vijana 182 kwenye milango yote mitatu kwa zamu. Wengi zaidi walinufaika na ule wa pili, lakini wapo walioitikia vizuri zaidi steroidi zaidi, na wapo walioitikia montelukasti. Huwezi kujua kwa kumtazama mtoto usoni.

Nilichagua montelukasti. Nilijipa sababu: pua yake ya aleji ingepata nafuu pia, dawa ilipatikana, ni kidonge cha kutafuna cha miligramu 5 mara moja usiku, na mama alikuwa akililia kidonge tangu siku ya kwanza. Nikijikagua leo, hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma. Madhara niliyasema nikiwa nimeshasimama, mlango uko wazi, mgonjwa mwingine anaingia: "Akiota ndoto mbaya niambie."

Usiku wa nne mtoto alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Usiku wa sita alimpiga bibi yake teke akiwa amelala. Madrasa alimrushia mwenzake juzuu, kitu ambacho ustadhi hakuwahi kukiona kwake. Alilia bila sababu, akakataa kulala peke yake, akasema ukutani kuna mtu. Nyumbani jibu lilikuwa wazi: amepandwa. Wakampeleka kwa shehe. Shehe alimsomea, kisha akamuuliza mama kama kuna kitu kipya mtoto anachokula au kunywa tangu mambo haya yaanze. Mama akakitaja kidonge. "Basi kamuulize aliyekupa," akamwambia.

Shehe aliuliza historia ya dawa vizuri kuliko mimi.

Mwezi Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea montelukasti onyo lake kali zaidi, lile la kisanduku, kwa sababu ya ndoto za kutisha, hasira, huzuni na hata mawazo ya kujiua, kwa watoto na kwa watu wazima. Watoto wengi huitumia bila shida yoyote. Ila onyo lile linataka mzazi aambiwe mapema, akiwa ameketi, aambiwe kwamba akiona mabadiliko ya tabia aiache dawa na kumwona daktari mara moja. Tarehe 5 Agosti niliisimamisha na kujaza fomu ya njano ya kuripoti madhara kwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Usiku wa tatu baada ya hapo mtoto alilala hadi asubuhi.

Ni siku hiyohiyo, 5 Agosti, nilipokuwa tayari kumwandikia pampu ya mchanganyiko, salmeteroli na steroidi iitwayo flutikasoni, ndipo nikamwomba mama anipe pampu ya kahawia niiangalie. Akaitoa. Nikaitikisa, nikabonyeza, ikatoa wingu. "Inafanya kazi," nikasema.

"Inafanya, dokta. Hata kwenye beseni la maji niliijaribu, haijaelea vizuri."

"Hii ni mpya?" nikauliza.

"Ileile ya mwezi wa tano."

Nikakaa. Mivuto 200, mivuto 4 kwa siku: siku 50. Kuanzia 7 Mei, dawa ilimalizika 25 Juni. Kilichobaki ndani kilikuwa gesi ya kusukumia, ambayo huendelea kutoka dawa ikiwa imekwisha, na pampu isiyo na kihesabio haina namna ya kukwambia. Kuijaribu majini hakupimi kitu. Mtoto alikuwa amevuta hewa tupu kwa siku 41, asubuhi na jioni, kwa uaminifu kabisa, kupitia chupa iliyooshwa vizuri na kukaushwa bila kufutwa. Tarehe 22 Julai, nilipokaa nikitafakari milango mitatu ya watafiti wa Marekani, hakuwa mtoto aliyeshindwa na steroidi ya kuvuta. Alikuwa mtoto asiye na dawa kwa siku 27.

Nilikuwa nimesema "ikiisha". Kwa mama, kitu kinachotoa wingu hakijaisha. Kwa mantiki yake alikuwa sahihi, na hesabu ya kugawanya 200 kwa 4 ilikuwa kazi yangu, ya sekunde mbili, tarehe 6 Mei.

Pampu ya mchanganyiko sikuiandika. Si kwamba ni mbaya. Miaka kadhaa dawa hizi za kufungua kwa muda mrefu zilibeba onyo kali, hadi utafiti wa watoto 6,208 wa miaka 4 hadi 11, uliochapishwa mwaka 2016, ulipoonyesha kwamba salmeteroli ikiwa pamoja na flutikasoni haikuongeza matukio hatari ikilinganishwa na flutikasoni peke yake. Onyo kwenye pampu za mchanganyiko likaondolewa mwaka uliofuata. Kama hesabu ya siku ingekuwa sawa na kikohozi bado kipo, ningeanzia hapo, na kwa kupenda kwangu ningetumia budesonidi na formoteroli, ambayo mtoto huitumia kila siku na hiyohiyo akibanwa. Zaidi ya hapo kuna tiotropiamu, dawa nyingine ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, kuanzia miaka 6, na sindano za kingamwili kama omalizumabu, ambazo kwa familia ya kikapu cha ukindu ni habari za nchi nyingine. Lakini huwezi kusema dawa ya kwanza imeshindwa wakati haikuwepo.

Alianza pampu mpya ya kahawia tarehe 6 Agosti, dozi ileile. Pua tuliitibu peke yake, kwa dawa ya kupuliza puani. Godoro lake la sufi, ambalo nalo nilikuwa nimesahau kuliuliza, mama alisema ataliona akipata hela.

Tarehe 16 Septemba alipuliza 170. Bluu alikuwa ameitumia mara mbili tangu Agosti, zote baada ya mpira. Urefu sentimita 121. Mama alitaka tupunguze dozi siku hiyo. Nikamwambia tungoje itimie miezi mitatu ya utulivu, na kwa kuwa itaangukia katikati ya vuli, mafua yakiwa mtaani, huenda tukasogeza kidogo mbele. Nikachukua kalamu nimwandikie siku ya kununua pampu nyingine.

Mtoto akaniwahi. Aliigeuza pampu ya kahawia upande wa nyuma na kunionyesha kipande cha plasta kilichobandikwa, kimeandikwa kwa peni kwa mwandiko wa darasa la kwanza, ile 4 imegeuka: 24/9.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa sawa.